Naanza diet: nipike nini nishibe kwa vyakula vya huku Mtwara?

BintiShangani
Wakuu, habari zenu. Nina kilo 84, nataka kupungua taratibu. Mpango wangu: asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana kabichi ya kuchemsha na papai, usiku matunda tu. Ugali na wali nimefuta kabisa. Tatizo ni njaa, ikifika saa kumi na moja jioni sijiwezi. Nyumbani tunapika chungu kimoja na mboga karibu zote ni za nazi. Vitu vya supamaketi sivimudu. Sina kisukari, situmii dawa.

JikoLaKusini
Dada, mpango huo hauna protini, ndiyo maana njaa inakuwahi. Kabichi na papai vinajaza tumbo, lakini havikai. Kinachokaa ni protini ikienda pamoja na nyuzinyuzi, na kwetu huku vyote viwili vimo kwenye gunia la mbaazi. Gramu 100 za mbaazi kavu, yaani nusu kikombe hivi, zina protini kama gramu 21.

Ziloweke usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, bandika kwa maji mapya. Chemsha saa moja au zaidi mpaka zibonyee kwa vidole. Chumvi mwishoni. Halafu kitunguu, nyanya na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kwa sufuria ya watu wanne. Kipime kweli: kijiko hicho kina kalori kama 120, na anayemimina kwa macho humimina vitatu bila kujua.

Ugali usiufute, upime. Robo kilo ya unga igawe watu watatu, fungu lako litakuwa na kalori 300 hivi. Chukua dona au mtama. Unga wa muhogo una protini kama gramu 2 tu kwa gramu 100, kwa hiyo siku ya ugali wa makopa ongeza samaki au kunde.

Asubuhi: mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha muhogo kisichozidi kiganja. Mchana: fungu la ugali, bakuli la mbaazi, na nusu ya sahani iwe matembele au mchicha. Usiku: samaki wa kuchoma au wa mchuzi wa ndimu, bamia au mlenda, ugali nusu ya ule wa mchana. Matunda yafuate chakula, yasikae mahali pake.

Mtama_Mweupe
Naongezea: usiruke kutoka kabichi hadi bakuli kubwa la mbaazi siku moja, tumbo litajaa gesi utasema mbaazi hazikupendi. Wiki ya kwanza nusu bakuli, na maji ya kutosha.

Wengine mnaosoma: anayetumia dawa za kisukari asipunguze mlo kabla ya kuongea na daktari. Sukari inaweza kushuka ghafla.

BintiShangani
Asanteni sana. Na nazi je? Mama hawezi kupika kisamvu bila tui.

JikoLaKusini
Asiache, wewe ndiye ujipakulie mapema. Mboga ikishaiva na kabla tui zito halijaingia, toa fungu lako, weka kijiko kimoja au viwili vya tui jepesi la mkamuo wa pili. Ladha inabaki, mafuta mengi yamebaki chunguni. Ila kisamvu kitwangwe na kichemke sawasawa kwanza, usikitoe kibichi kwa haraka ya diet.

MkokaKorosho
Hakuna aliyegusa korosho, na ndiyo inayoangusha watu wa huku! Mtu anakataa chapati, halafu anatafuna korosho akipiga soga barazani. Punje 20 ni kama gramu 30, kalori 170 hivi. Hesabu kumi, funga mfuko. Na ming'oko, vile viazi vya porini, ihesabu upande wa ugali, si upande wa matunda. Uraka, ile pombe ya mabibo, sisemi kitu, mnajua wenyewe.

BintiShangani
Hahaa, sawa. Siku samaki wakiwa ghali, dagaa wakavu wanafaa?

Mtama_Mweupe
Wanafaa mno. Kiganja kimoja kinatosha mtu mmoja. Waloweke maji ya moto dakika 10, suuza mara mbili mchanga na chumvi vitoke, kisha wapike rosti ya nyanya na pilipili hoho. Usiwadumbukize kwenye mafuta, wananyonya kama sifongo.