Edie Sedgwick: tunaupenda mtindo wake, au tunapenda kwamba alikufa kijana?

MLETA MADA

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana limenikaa rohoni. Mimi ni fundi cherehani. Mwezi uliopita binti mmoja alinijia na picha kwenye simu: dada wa Kizungu, nywele fupi rangi ya fedha, wanja mzito, hereni ndefu zinazokaribia mabega, taiti nyeusi. Akataka nimshonee gauni fupi la kuvaa juu ya taiti kama ile, ila nisimpime kwanza, mpaka apungue afanane na yule. Nikamuuliza, unamjua ni nani? Akajibu anachojua ni kwamba alikufa mapema, na hilo ndilo linalomvuta.

Yule ni Edie Sedgwick. Alizaliwa Santa Barbara, California, mwaka 1943, mtoto wa saba kati ya wanane wa familia ya kitajiri yenye mashamba ya mifugo. Mwaka 1965 alikuwa New York, akiigiza katika filamu za msanii Andy Warhol ndani ya karakana iliyozungushiwa rangi ya fedha kila ukuta, iliyoitwa Factory. Alifariki tarehe 16 Novemba 1971, ana miaka 28.

Niseme wazi kwamba mimi mwenyewe nampenda. Itafuteni picha ya jarida la mitindo la Vogue la Agosti 1965. Amesimama kwa mguu mmoja juu ya sanamu ya kifaru ya ngozi, ule mwingine ameunyoosha nyuma, mikono hewani, na ukutani kuna farasi mkubwa aliyemchora yeye mwenyewe. Hakuna mshono wa ajabu pale. Taiti ya mazoezi ya dansi tu. Lakini ameondoa kila kitu kiunoni na miguuni, uzito wote akaupandisha juu, kwenye macho na masikio. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya kioo na mteja asiyejua aanzie wapi ataelewa kwamba huo ni ubunifu, na ubunifu huo ulikuwa wake.

Sasa tutazame upande wa ndani. Mwaka 1962 alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na ugonjwa wa kujinyima chakula ulikuwa sehemu ya matatizo yake. Mwaka 1964 kaka yake mmoja alijiua. Januari 1965 mwingine alifariki baada ya ajali ya pikipiki. Kwa hiyo picha tunazozisifu kwa uchangamfu ni za mtu aliyetoka matangani miezi michache tu. Juu ya hapo kulikuwa na amfetamini, dawa ya kusisimua mwili, ambayo Marekani ya wakati ule madaktari waliwaandikia watu ili wapungue na wachangamke, na wengine wakidungwa sindano kliniki bila kificho. Sheria ilikuja kukaza mwaka 1971, mwaka uleule aliofariki. Kilichomuua ni babitureti, dawa za usingizi. Hati ya kifo haikuamua kama ni ajali au alijiua. Na jioni ya mwisho ya maisha yake alikuwa kwenye onyesho la mavazi Santa Barbara. Hilo likinijia cherehani inasimama.

Wembamba ule na macho yale makubwa yanayong'aa, kwa kiasi fulani, ni njaa na vidonge. Mauti yake tumeyashonea ndani ya vazi kama bitana, tunalivaa na hatuigeuzi nguo tukaona. Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, picha ya tangazo ambayo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kuongezwa kwa kompyuta lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Je, mwili uliopunguzwa na ugonjwa haustahili hata mstari mmoja? Mimi nasema anayechapisha au kuuza sura ya Edie leo aseme alikuwa nani na nini kilimpata. Wenzangu mnasemaje?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Fundi, nakuheshimu ila hapo napinga. Ukishamwekea kila picha mstari wa ugonjwa, hatabaki msanii tena, atabaki mgonjwa. Warhol alikuwa na matatizo yake tele, na hakuna anayeandika chochote chini ya michoro yake ya makopo ya supu. Kwa nini mwanamke ndiye abebe faili la hospitali mpaka makumbusho?

Halafu wembamba si ushahidi. Mwanamitindo Twiggy wa London alivuma mwaka uliofuata, 1966: nywele fupi, macho makubwa, mwembamba kuliko Edie. Yeye yuko hai mpaka leo, na mwaka 2019 alitunukiwa na ufalme wa Uingereza cheo cha heshima cha Dame. Tukianza kukisia ugonjwa kwa kumtazama mtu mwili, tutawaumiza wazima.

Ukitaka kumtendea haki, sema habari ya fedha. Alizicheza zile filamu, jina la Factory likakua, yeye hakulipwa, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyomfanya agombane na Warhol. Deni hilo huliandiki kwa mstari wa tahadhari.

MCHANGIAJI WA PILI

Ninyi wote mnamjadili Edie. Mimi nauliza, mbona Donyale Luna hamumtaji? Mwanamitindo mweusi wa Detroit, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1945. Januari 1965 mchoro wake ulitoka jalada la jarida la mitindo la Harper's Bazaar. Machi 1966 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenye jalada la Vogue ya Uingereza, iliyopigwa na mpiga picha David Bailey, kiganja kimefunika uso na jicho moja linachungulia kati ya vidole. Warhol alimpiga picha za filamu yeye pia. Alifariki Roma mwaka 1979, ana miaka 33, kwa heroini.

Zama zilezile, karakana ileile, msiba uleule. Basi kama tunavutwa na kifo tu kama alivyosema yule binti, Donyale angekuwa kwenye fulana kila duka. Hayupo. Tunachagua hata wa kumlilia, na hilo linanichoma kuliko vidonge.

MCHANGIAJI WA TATU

Wanangu, mimi zama hizo nilizikuta Dar es Salaam nikiwa msichana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia mwezi Januari 1969 marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana. Hata kabla ya siku hiyo wasichana walishambuliwa Kariakoo kwa sababu ya vimini. Nikisikia habari za huyu Edie namwonea huruma na kumwonea wivu. Alitembea New York na taiti tupu watu wakamshangilia. Lakini yeye na sisi, sijaona aliyekuja kuuliza: wewe mwenyewe, unaendeleaje?

MLETA MADA

Mama, shikamoo. Nimelisoma neno lako mara tatu.

Mchangiaji wa kwanza, kuhusu Twiggy umenishinda. Nilihukumu kwa macho, na fundi anayejua futi hapaswi kuhukumu hivyo. Suala la malipo nalikubali pia, liwemo. Ila sijaacha hoja yangu, kwa sababu yule binti hakuja na picha ya Twiggy aliye hai. Alikuja na ya marehemu, akataja umauti wake kama sifa ya nguo. Anayemuuzia sura ile bila habari yake anauza hicho hicho.

Na wewe wa pili, asante. Jalada la Donyale nimelihifadhi.

Nimefanya hivi. Binti aliporudi nilimweleza yote, pamoja na ndugu wawili waliozikwa. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha nikamwonyesha Edie wa Philadelphia, Oktoba 1965, kwenye maonyesho ya Warhol ambako watu walifurika hadi michoro ikaondolewa ukutani: gauni la waridi la mbunifu wa mavazi Rudi Gernreich, linafika chini, la kunyumbuka, mikono mirefu inayokunjwa na kukunjuliwa. Gauni hilo halidai kiuno cha mtu yeyote. Amelichagua. Nimempima kama alivyo, na Jumamosi naanza kukata.