Punda wa mkokoteni Mwea: kuchonga kwato tu, au viatu vya chuma?

MbebaMpunga
Habari zenu wanajukwaa. Nina punda wawili wa mkokoteni. Jumamosi anapita fundi wa kupiga viatu vya chuma, lakini jirani anasema nilipe tu mtu wa kuchonga kwato. Nifuate lipi? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi.

TupaNaKisu
Ndugu, hujatupa cha kushika. Wanatembea kwenye lami au udongo? Wanalala wapi? Kwato zilichongwa lini? Weka picha ya pembeni, punda akisimama penye sakafu ngumu, si kwenye majani.

MkaaAmu
Huku Lamu wetu wanabeba mchanga na mawe bila viatu. Kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, ipo tangu 1987 na inatibu bure. Tunawapeleka kuchongwa, basi. Achana na misumari.

FundiLimuru
Kaka, nyinyi mna mchanga na vichochoro. Punda wa lami ukwato wake husagika haraka kuliko unavyoota. Ukiisha kusagika hivyo, huyo wa kuchonga atachonga nini?

MbebaMpunga
Ni lami ya Wang'uru karibu kutwa nzima. Usiku wanalala kando ya mfereji, pana matope. Mmoja anachechemea mguu wa mbele wa kushoto.

MamaPunda
Anachechemea, na hukusema tangu mwanzo! Sikiliza mwanangu. Mimi niliitiwa fundi ambaye kazi yake hasa ni kuchomelea mageti. Alileta kiatu cha farasi, kipana, kisha akaupiga tupa ukwato ufuate chuma badala ya chuma kufuata ukwato. Msumari mmoja ukaingia kwenye nyama. Punda akaruka, damu ikatoka tunduni, yeye akasema itakauka yenyewe na akadai pesa zake. Siku zikapita, punda akakakamaa miguu, masikio yakasimama wima, utando ukafunika nusu ya jicho, taya zikafunga hata maji hayapiti. Daktari wa mifugo akasema ni pepopunda. Tukampoteza. Chanjo yake ipo. Punda asiguswe na msumari kabla hajachanjwa.

FundiLimuru
Pole sana mama. Lakini hapo mwenye kosa ni yule mtu, si kiatu. Msumari hupita kwenye ukuta mgumu wa ukwato, usio na maumivu, ukatokea nje. Na kiatu hakiachwi mpaka kianguke, hutolewa baada ya wiki 6 hadi 8, ukwato uchongwe upya.

TupaNaKisu
Huyo anayechechemea asipigwe chochote Jumamosi. Mchokoe ukwato, halafu unuse. Ukikuta uji mweusi unaonuka kando ya ile pembetatu laini katikati ya wayo, ukwato unaoza kwa unyevu. Punda ni mnyama wa nchi kavu, ukwato wake hunyonya maji kuliko wa farasi. Mtafutie pakavu pa kulala. Na ukwato wa punda umesimama wima zaidi, fundi asiulaze ufanane na wa farasi.

PumbaNaNyasi
Mnawalisha nini? Pumba nyingi za mahindi huleta uvimbe ndani ya ukwato, ukiugusa una moto. Punda anatosheka na majani makavu.

MkaaAmu
Wetu wanazurura wakila hata karatasi za plastiki. Hilo linaniuma kuliko habari ya viatu.

KijanaWaNaivasha
Kwato zitafaa nini punda akiibwa? Serikali ilipiga marufuku machinjio ya punda 2020, mahakama ikaitengua marufuku 2021. Umoja wa Afrika nao ukakataza Februari 2024 kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Bado silali bila kufunga zizi.

FundiLimuru
Fungua uzi mwingine bwana, mwenzetu ana mgonjwa.

MbebaMpunga
Nimechokoa. Uji mweusi upo, na unanuka. Daktari anakuja kesho. Ila yule wa pili hachechemei, ni mzima kabisa. Huyo apigwe viatu?

TupaNaKisu
Picha, ndugu. Na amechanjwa?