Mrejesho: Watoto wangu wa Ujiji waliokuwa wanaurundikia mpira

Wakuu, habari za siku. Nilikuja hapa kuomba msaada: nafundisha watoto 24 wa miaka 8 hadi 10 hapa Ujiji, Kigoma. Mpira ukianza, wote wanaukimbilia, na anayeupata anabutua mbele bila kutazama.

Nashukuru sana mlionijibu. Nimeacha lile zoezi langu la kupanga foleni na kukokota mpira kuzunguka koni. Sasa uwanja nimeugawa sehemu tatu, wanacheza wanne kwa wanne, magoli ni ndala. Hakuna anayesimama kusubiri zamu, na kila mmoja anaugusa mpira mara nyingi. Hii ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote.

Pia nimejifunza kunyamaza. Mchezo ukisimama nauliza tu: "Kabla mpira haujakufikia, uliona nini?" Alhamisi binti mmoja mdogo, anacheza pekupeku, aligeuza shingo mara mbili, akamwona mwenzake yuko peke yake, akampasia kwa mguso mmoja. Machozi yalinilengalenga.

Zoezi la kutaja rangi ya kitambaa ninachoinua huku wakikokota mpira halikunisaidia. Kwenye zoezi wanainua vichwa, kwenye mechi wanainama tena. Nadhani ni kwa sababu kitambaa hakiwanyang'anyi mpira. Adui ndiye anayewalazimisha kuangalia.

Kupiga kwa mguu wa kushoto bado kunawawia vigumu. Na wazazi wawili bado wanapiga kelele "Piga mbele!" pembeni, nimewaomba kwa heshima, naendelea nao.

Asanteni sana, Mungu awabariki.