Baiskeli Mombasa: tupeane uzoefu wa chumvi, upepo na feri

Mnaoendesha kila siku, leteni mnayoyajua. Hadithi tuweke kando, tupeane ya kufanyia kazi.

Fundi wa Majengo
Kisiwani milima si tatizo, tatizo ni chumvi. Kutu huanzia kwenye cheni, ikafuata spoku. Kila wiki tia tone moja la mafuta ya mashine kwenye kila kiungo cha cheni, zungusha pedali kinyumenyume, subiri dakika kumi, kisha futa kwa tambara mpaka nje pakauke. Mafuta yakibaki juu hukamata mchanga, na mchanga ndio unaokula meno. Mafuta ya taa ni ya kusafishia tu. Ukiishia hapo, cheni italia kabla ya Ijumaa. Bomba la kiti nalo lichomoe mara kwa mara ulipake grisi. Likigandana na fremu, dawa yake ni msumeno. Ukifungua habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, gololi zake kwa kawaida ni za robo inchi, tisa kila upande. Mbele ni ndogo, kumi kumi. Usichanganye mpya na kuukuu.

Kisauni hadi Mjini
Daraja la Nyali lina upepo wake. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, unakupiga usoni ukitoka kisiwani. Kusi, upepo wa kusini, ikiingia, taabu ni ya kurudi. Shika gia nyepesi mapema. Lori likikupita, upepo wa ubavuni hukatika ghafla, nawe unavutika kuelekea lori. Likishapita unasukumwa upya. Legeza viwiko, usibane ukingo, jiachie nafasi ya kama mita moja. Na matatu iliyosimama usiipite kushoto: mlango uko huko, na makanga hashuki, huruka.

Mja wa Likoni
Kwenye feri shuka usukume. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), mteremko huwa mkali na zege la chini lina utelezi. Zuia kwa breki ya nyuma. Mzigo wa keria ufunge kwa mpira wa tyubu kuukuu, usizidi upana wa usukani, la sivyo utagombana na watu wote humo.

Fundi wa Majengo
Nimesahau pancha. Kiraka hubanduka kwa sababu watu hubandika solusheni (gundi ya pancha) ingali mbichi. Sugua kwa msasa, paka nyembamba, ngoja kama dakika tano hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi: kigae cha chupa mara nyingi bado kimo.