Mjadala: Kampuni changa zinaingiza shilingi, kwa nini zilipie seva kwa dola?

MTOA MADA

Wadau, naomba hili tulijadili bila kufichana. Kampuni changa ya programu ikianzishwa Dar, Nairobi au Kampala siku hizi, kabla haijapata mteja wa kumi tayari ina akaunti ya wingu, yaani kompyuta (seva) za kukodi kupitia intaneti, kwa Amazon, Google au Microsoft na kadi ya benki imeshaunganishwa. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa nyingi ya kampuni hizi ni uamuzi mbaya, na pesa zikikata wanaoumia ni wafanyakazi.

Nawapa mfano ninaoujua. Kuna kampuni ndogo Mwanza iliniita niwasaidie kupunguza gharama. Wana programu ya vikoba: wanachama wananunua hisa, wanakopa, mweka hazina anatoa ripoti kwenye simu. Wateja wao wote wako Kanda ya Ziwa. Seva ziko Ireland. Tukakaa na bili tukaipitia mstari kwa mstari. Kompyuta zenyewe zilikuwa sehemu ndogo. Pesa ilikuwa inaondoka kwenye hifadhidata ya majaribio iliyowashwa usiku na mchana huku hakuna anayeigusa, kwenye kumbukumbu za mfumo ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma, na kwenye data inayotoka, yaani picha za vitambulisho na ripoti zinazosafiri kutoka Ulaya hadi Mwanza. Kuingiza data kwenye wingu ni bure. Kuitoa unalipia, Amazon kwenye vituo vyao vya Marekani na Ulaya wanatoza kama senti 9 za dola kwa gigabaiti. Juu ya hayo, mfumo wenyewe umekatwa vipande vipande na kusimamiwa na Kubernetes, kitu kilichozaliwa Google kutokana na uzoefu wao wa kuendesha maelfu kwa maelfu ya mashine. Pale Mwanza waandishi wa programu ni watatu.

Walifikaje huko? Kwa salio la bure. Amazon huzipa kampuni changa zilizo chini ya mwekezaji au kituo atamizi (kinacholea kampuni changa) salio linaloweza kufika dola laki 1. Salio hilo lina tarehe ya mwisho, na kabla haijafika hakuna anayeuliza bei ya kitu. Unajenga kwa ukubwa wa salio. Likiisha, mfumo umeshafungamana na huduma za kampuni moja kiasi kwamba kuhama ni kuandika upya.

Hoja yangu basi: kampuni yenye wateja wa nchi moja na mzigo wa kazi unaojulikana ikodi au inunue seva kwenye kituo cha data cha hapa hapa, ilipe kwa shilingi, na wingu libaki la kuwekea nakala rudufu. Anayepinga aje na hesabu.

MCHANGIAJI WA 1, NAIROBI

Huku kwetu 2023 ilitufundisha. Mwaka ulianza dola ikiwa kama shilingi 123; kufikia Januari 2024 ilikuwa inagonga 160. Bili ya dola 1,000 ilipanda kutoka shilingi 123,000 hadi 160,000 bila hata mteja mmoja kuongezeka. Mwaka huo huo Incentro, wakala anayeuza huduma za Google Cloud, alianza mchakato wa kutaka Twiga Foods ifilisiwe kwa deni la takriban dola 262,000, na suala likafika Mahakama Kuu. Twiga walipinga na hawakufilisiwa. Lakini hebu fikirini: kampuni iliyoanza kwa kupeleka ndizi kwenye vibanda vya mtaani, iliyochangiwa mamilioni ya dola na wawekezaji, inaburuzana mahakamani kwa bili ya kompyuta.

Na M-Pesa je? Miaka yake ya mwanzo seva zake zilikuwa Ujerumani. Mwaka 2015 Safaricom wakazihamishia Kenya. Kama mfumo mzito kiasi kile unaendeshwa nyumbani, programu ya vikoba inashindwaje?

MCHANGIAJI WA 2, DAR ES SALAAM

Ndugu zangu, mimi ni msimamizi wa mifumo, nimekaa na seva za kushika kwa mkono muda mrefu. Mnavyoongea ni kama seva ikishafungwa kwenye kabati kazi imekwisha. Diski hufa. Ubao mama ukiungua saa nane usiku, kipuri cha seva hukipati Kariakoo. Unaagiza Dubai, halafu unasubiri mzigo utoke forodhani huku wateja wanakupigia. Kwenye wingu nawasha mashine nyingine kabla chai haijapoa. Kituo cha data kitakupa umeme, jenereta na ubaridi, sawa, lakini hakikupi mtu wa kuamka.

Najua mtaniletea mfano wa 37signals, kampuni ya programu ya Marekani iliyohama wingu. Bili yao ya wingu mwaka 2022 ilikuwa dola milioni 3.2, wakanunua seva za Dell kwa zaidi ya nusu milioni, na wamesema wazi kwamba wanaokoa mamilioni. Hongera kwao. Hao wana timu ya watu wa mifumo waliobobea tangu kabla ya wingu kuwa mtindo. Kampuni ya Mwanza yenye bili ya, tuseme, dola 900 kwa mwezi itaokoa nini ambacho mshahara wa msimamizi mmoja mzuri hautakimeza?

Na jingine. Intaneti ilipozimwa nchi nzima kuanzia 29 Oktoba 2025, mwenye seva Dar alikuwa amefungiwa ndani. Mteja wake aliye nje ya nchi hakumpata kwa njia yoyote.

MCHANGIAJI WA 3, KAMPALA

Mimi ni mwanzilishi na nawaambia tatizo si wingu. Mwekezaji anakuuliza mfumo utabeba watu milioni moja? Unao wateja mia nne, lakini ukijibu "hapana, na kwa sasa hauhitaji", mazungumzo yameisha. Kwa hiyo unajenga wa milioni moja. Hao hao ndio wanaokutaka usajili kampuni Delaware, Marekani, wakati duka lako liko Ntinda hapa Kampala. Rekebisheni kwanza tunavyotafuta pesa, halafu tuongelee seva.

MTOA MADA

Dada wa Kampala, hapo nakuunga mkono kabisa. Bili ile ya Mwanza ilianzia kwenye jedwali la kuombea mtaji.

Mkuu wa mifumo, hesabu yako naichukua. Dola 900 kwa mwezi ni dola 10,800 kwa mwaka. Ukiweka dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni milioni 27 za Kitanzania. Kwa Mwanza huo ni mshahara wa kijana mmoja wa programu mwaka mzima. Ubao mama nao ndiyo sababu niliandika "ikodi au inunue": ukikodi seva, kipuri ni shida ya mwenye kituo.

Kuhusu kuzimwa kwa intaneti, umesema kweli. Ila siku zile mwenye seva Ireland naye hakufikiwa na wateja wake wa Mwanza, na hao ndio wateja pekee alionao. Jumapili ya 12 Mei 2024 hali ilikuwa tofauti. Mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mweka hazina akiwa Sengerema, ofisi ikiwa Mwanza mjini, ombi lake lilipaswa kuvuka bahari kwenda Ireland na kurudi. Programu ilikuwa inazunguka tu. Wingu nalo huanguka: 20 Oktoba 2025 hitilafu kwenye vituo vya Amazon vya Virginia iliangusha huduma duniani kote.

Kinachonikera kuliko bili ni hiki cha mtu wa kuamka. Nimewahoji vijana wenye vyeti vya Amazon, vijana wenye akili kweli. Mpe seva tupu ya Linux, mwambie aweke hifadhidata ya PostgreSQL, apange nakala rudufu ya kila usiku, kisha airejeshe kuthibitisha kuwa inafanya kazi. Anakwama hatua ya kwanza. Vyuo vinafundisha dashibodi ya muuzaji mmoja, halafu tunasema hatuwezi kuhama kwa sababu hatuna wataalamu.

Mwanza tumezima ile hifadhidata ya majaribio, tumefuta kumbukumbu za zamani na kuunganisha vile vipande kuwa programu moja. Bili imeshuka zaidi ya nusu kabla hatujahamisha chochote. Hatua inayofuata ni seva mbili za kukodi: moja Dar, ya pili bado tunabishana. Nairobi iko karibu, ila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kupeleka data nje ya nchi. Na vituo viwili vya data vya hapa vimetutajia bei kwa dola, wakati kanuni za Machi 2025 zinakataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Aliyewahi kupata mkataba wa shilingi, na bei isiyobadilika mwaka mzima, atuambie alikaa na nani na alidai nini.