Ushauri: kusafiri kwa gari na bastola ya baruti ya mtindo wa kale (Marekani)

Mtunza_Vya_Kale
Wakuu habari za asubuhi. Nipo Pennsylvania, mwaka wa sita sasa. Mwezi jana nilinunua bastola, nakala ya Remington ya 1858, imetengenezwa Italia. Haili risasi za kisasa. Unamimina baruti nyeusi kwenye tundu la silinda, unashindilia goroli, unabandika fataki, yaani kikofia kidogo cha kuwashia baruti, kwa nyuma. Muuzaji alinipa kama anauza panga, hakuna fomu wala leseni. Jumamosi nasafiri nayo. Kuna sheria inanibana? Usingizi umekata.

Msuya_Ughaibuni
Kwa sheria ya shirikisho ya 1968, hiyo haihesabiwi silaha ya moto. Iliyotengenezwa 1898 au kabla ni ya kale, na nakala isiyotumia risasi za kisasa inaingia humo humo. Ndiyo maana hukujaza fomu. Lakini majimbo yana sheria zake. Hata hapo ulipo, ukiificha mwilini bila leseni, huo ukale haukuokoi. Unakwenda wapi?

Mtunza_Vya_Kale
Si mbali mkuu. Jimbo jirani tu.

Mwana_Unyanyembe
Umenikumbusha gobore la babu, Sikonge. Lilining'inia juu ya mlango na sisi watoto tulikatazwa hata kulinyooshea kidole. Baruti aliiweka kwenye kibuyu, mbali kabisa na jiko la bibi. Alikuwa akisema baruti haina rafiki, na watu wa Tabora tunajua: Januari 1893 Wajerumani walipovunja boma la Mtemi Isike, alilipua ghala lake la baruti mwenyewe akiwa ndani.

BintiPangani
Mimi nauliza, bastola ya nini? Umevuka bahari kutafuta maisha, una wazazi wanakutegemea, unanunua chuma cha kuulia. Kiuze.

Msuya_Ughaibuni
Pennsylvania inapakana na majimbo sita. Jirani yupi?

Mtunza_Vya_Kale
New Jersey. Kaka yangu anaoa, nampelekea zawadi. Tangu utotoni anapenda vitu vya kale na nimeshamuahidi mbele ya wakwe. Dada, si chuma cha kuulia, ni kumbukumbu. Na muuzaji amefanya kazi hii miaka mingi, hawezi kunidanganya.

Dereva_wa_78
Muuzaji hakukudanganya, alikujibu ya Pennsylvania. Navuka Mto Delaware kwa lori kila wiki, nisikilize. New Jersey bastola ni bastola, iwe ya baruti au ya kisasa. Msamaha wao wa silaha za kale unahusu bunduki ndefu. Kaka yako lazima awe na kibali cha kupata bastola KABLA hujamkabidhi. Kukutwa nayo bila kibali ni kosa la daraja la pili, miaka 5 hadi 10. Mwaka 2014 mwalimu mstaafu wa miaka 72 alikamatwa huko na bastola ya gumegume ya karne ya 18 ndani ya gari. Mashtaka yalifutwa mwaka uliofuata, lakini hofu aliyoipata ilikwisha kumla. Una uraia?

Mtunza_Vya_Kale
Nina kadi ya kijani.

Dereva_wa_78
Basi zidisha uoga. Kosa la silaha linaweza kukurudisha nyumbani.

Kibaha_Kwetu
Wakuu hii chai. Huyu huyu mwezi jana alifungua uzi wa vifaranga wanaokufa Kibaha. Leo yupo Pennsylvania na Remington?

Mwana_Unyanyembe
Kumbe! Na mimi nimemwaga historia yote ya babu.

Mtunza_Vya_Kale
Kuku ni wa mama, mimi natuma hela na kuuliza kwa niaba yake. Situngi. Ipo kwenye buti la gari sasa hivi, imeviringishwa kwenye khanga. Matundu matano yameshajazwa, la sita nimeliacha wazi chini ya nyundo. Tulipanga kupiga hewani usiku wa sherehe.

Msuya_Ughaibuni
Imejazwa?! Unazungumzia sheria ya kusafirisha, na hiyo imeshajazwa kwenye buti!

Mtunza_Vya_Kale
Niliuliza sheria, sikuuliza usalama. Nyundo haijainuliwa.

Dereva_wa_78
Usiendeshe nayo hata hatua moja. Mtutu uelekee pasipo mtu, bandua fataki zote kwanza, kisha chomoa silinda uiweke mbali na bastola. Halafu mpigie fundi wa bunduki akuelekeze kutoa goroli na baruti. Usichokonoe mwenyewe.

Mama_Zawadi_Muscat
Samahani nadandia. Akiamua kuipeleka Dar kwa ndege je?

Msuya_Ughaibuni
Baruti nyeusi na fataki haziingii kwenye ndege ya abiria, si mkononi si kwenye mzigo. Bastola tupu huwekwa kwenye sanduku gumu lenye kufuli na kutolewa taarifa kwa shirika la ndege. Na kuingiza silaha Tanzania bila kibali ni kesi nyingine.

Mtunza_Vya_Kale
Nimerudi. Fataki zote tano zimetoka, zipo kwenye kopo lake. Silinda nimeichomoa. Fundi atapokea simu saa tatu. Kaka nimempigia, amenyamaza kidogo, akasema nije na mikono mitupu ila nisichelewe.

BintiPangani
Alhamdulillah.

Mwana_Unyanyembe
Na kopo la baruti lenyewe umeliweka wapi?

Mtunza_Vya_Kale
Kabati la jikoni, juu ya jiko.

Mwana_Unyanyembe
Kalitoe sasa hivi, halafu urudi utuambie.