Kigari cha watoto Disney World: wa miaka mitano na nusu bado anakihitaji?

Mama Neema, Columbus

Habari za jioni wanajumuiya. Katikati ya Julai tunakwenda Orlando, siku tatu, bustani tatu za Disney World: Magic Kingdom, EPCOT na Animal Kingdom. Watoto ni watatu: wa miaka mitano na nusu (kilo 19), wa miaka mitatu na wa miezi minane. Watu wazima ni mimi, baba yao na bibi yao anayekuja kutoka Tanga. Hoteli iko nje ya Disney na tutakodi gari. Mkubwa aliacha kigari zamani, na bibi anasema kumsukuma mtoto wa umri ule ni kumdekeza. Tubebe kigari cha mmoja, cha wawili, au tukodi hukohuko? Mdogo amezoea mbeleko.

Baba Tuli, Atlanta

Mama Neema, bibi apokee shikamoo yangu. Kwa mwendo wa nyumbani hadi shule maneno yake ni sahihi. Disney ni kutwa nzima juu ya zege na jua. Mtu mzima anayezunguka toka asubuhi hadi usiku hufikisha kilomita 12 hadi 16 bila kujua, na ile njia ya kuzunguka ziwa la World Showcase pale EPCOT peke yake inakaribia kilomita mbili. Mkubwa wenu asubuhi atawatangulia wote mbio, na wazazi wengi hudanganyika hapohapo. Saa nane mchana ataanza kuburuta miguu. Saa tatu usiku, fataki zikiisha, atalala amesimama.

Kwa hiyo msijiulize kama anaweza kutembea. Jiulizeni mtatokaje usiku.

Magic Kingdom haina maegesho mlangoni. Gari mnaliacha Transportation and Ticket Center, kituo cha maegesho na usafiri kilicho mbali na geti, mnavuka kwa monoreli au feri, na usiku mnarudi njia ileile pamoja na umati wote: foleni ya kuvuka, kisha tramu ya maegesho au mguu, kisha kutafuta mstari wa gari. Kwenye monoreli na feri kigari kinaingia kikiwa wazi, mtoto amelala ndani. Kwenye tramu lazima kikunjwe, na kama mtapanda mabasi ya Disney jiandaeni kukikunja pia.

Sasa ile ya kukodi ndani. Bei imekuwa kwenye dola 15 kwa siku cha mmoja na dola 31 cha wawili, nafuu kidogo ukilipia siku zote kwa pamoja. Angalieni bei ya sasa kabla ya kuondoka. Ukihamia bustani nyingine siku hiyohiyo unaonyesha risiti, unapewa kingine bila kulipa tena. Lakini ni plastiki ngumu, mgongo haulazwi, na hakitoki nje ya geti. Mnakirudisha mlangoni usiku, saa ileile mnayokihitaji kuliko zote, halafu mnabeba kilo 19 na kilo 14 mabegani hadi kwenye gari. Na cha plastiki hakimfai kabisa mtoto wa miezi minane.

Ushauri wangu: kigari cha wawili cha kwenu wenyewe, wale wawili wakubwa wakae humo, mdogo akae mgongoni kutwa. Kipimeni kabla. Tangu Mei 2019 kigari kinachozidi upana wa sentimita 79 au urefu wa sentimita 132 hakiingii, na yale matoroli ya kuvuta, hata yenye mpini wa kusukuma, yamekatazwa kabisa. Vigari vingi vya viti viwili sambamba viko chini ya 79. Vinavyozidi mara nyingi ni vile vya wakimbiaji vyenye magurudumu matatu makubwa. Someni pia lebo ya uzito chini ya kiti. Vile vya bei rahisi vinavyokunjwa kama mwavuli, vingi vinaishia kilo 18 hadi 23 kwa kiti, na mkubwa wenu tayari yuko hapo. Ukizidisha, kinachotangulia kufa ni ekseli ya mbele: gurudumu linaanza kutikisika, halafu linalala upande.

Mama Salma, Kissimmee

Nakubaliana na Baba Tuli kwa yote ila mbeleko ya kutwa. Julai huku mchana ni nyuzi 33 na hewa ni nzito ya unyevu. Mwili wa mama na wa mtoto vikibanana saa sita mfululizo, wote wawili wanapikika. Na akiwa mgongoni humwoni uso. Kwa joto hili mbeleko ni ya kwenye foleni na ya michezo ya kupanda ya polepole, basi. Mlete mbele, umwone, kidevu kisizame kifuani, na kila baada ya nusu saa mfungue apate hewa.

Kwa hiyo viti viwili, watoto watatu, na zamu. Wa miezi minane alale kwenye kigari kuanzia saa sita hadi saa tisa, kiti kimelazwa. Wa miaka mitatu cha pili. Mkubwa wakati huo mpelekeni ndani kwenye kiyoyozi, onyesho la kukaa au chakula. Mdogo akiamka akaingia kwenye mbeleko, mkubwa anapanda. Asubuhi hapandi, maana hatataka. Jioni viti viwili ni vya wakubwa na mdogo anashikwa. Na kila kiti kiwe kinalazwa peke yake. Vigari vingine viti vyote hulala kwa pamoja, wa pili akitaka kukaa wima ni vita.

Sasa mambo ya mikononi.

Kanga. Najua mtaifunika juu ya kigari chote ili mtoto alale gizani. Msifanye hivyo. Kitambaa kikizuia hewa, ndani panakuwa joto kuliko nje, na mtoto aliyelala halalamiki. Vuteni kivuli cha kigari hadi mwisho, banieni kanga upande mmoja tu ule wa jua, pande nyingine ziwe wazi, na feni ndogo ya betri ifungwe pembeni mahali vidole havifiki. Kanga ya pili itandikeni kwenye kiti: kigari kilichoachwa juani nusu saa, vifungo vya mkanda vinaunguza paja. Gusa kwanza kwa mkono wako.

Begi. Kila mtu hulitundika kwenye mpini. Mtoto anaposhuka, uzito wote unabaki nyuma, kigari kinapinduka chali, na maziwa ya chupa yanamwagika barabarani. Vitu vizito viende kwenye kikapu cha chini. Maji msibebe chupa kumi. Migahawa ya kujihudumia hukupa kikombe cha maji baridi bure ukiomba. Chakula chenu mnaruhusiwa kuingia nacho, vyombo vya kioo hapana.

Reli. Main Street ya Magic Kingdom ina reli za gari la farasi katikati ya barabara. Magurudumu madogo ya mbele yakizifuata kwa urefu yanazama kwenye mfereji wake, kigari kinasimama ghafla na mtoto asiyefungwa mkanda anakwenda mbele. Katiza moja kwa moja kwa pembe mraba, na ukifika bonyeza mpini kidogo magurudumu ya mbele yanyanyuke. Animal Kingdom hakuna reli hizo, ila njia zake zimetengenezwa makusudi zifanane na udongo wenye mikwaruzo. Magurudumu ya vigari vya mwavuli yanatetemesha mikono hadi jioni ganzi.

Maegesho ya vigari. Kwenye foleni nyingi kigari hakiingii. Kinaachwa eneo lililowekwa alama, na wafanyakazi huvipanga upya mara kwa mara, kwa hiyo utakikuta mita kumi kutoka ulipokiacha na hakuna aliyekiiba. Msikifunge kwa mnyororo kwenye uzio. Funga kipande cha kitenge chenye rangi kali kwenye mpini, andika jina la ukoo na namba ya simu kwenye kadi ndani ya kikapu, piga picha mahali ulipokiacha. Pasipoti ya bibi, simu na pesa havibaki kwenye kigari hata kwa dakika tano. Nepi na nguo za kubadili acheni, hakuna anayezitaka.

Mvua. Kati ya saa nane na saa kumi na moja mchana, siku nyingi za Julai, inashuka mvua ya radi, nzito, dakika arobaini hivi, kisha jua. Kama kigari kiko nje nanyi mko ndani, kiti kinaloa chapachapa na hakikauki kwa unyevu huu. Nailoni ya mvua ya kigari iwekwe kabla hamjaingia foleni, hata kama mbingu ni samawati. Lakini mtoto akiwa ndani na jua limerudi, iondoeni mara moja, inageuka kuwa banda la kioteshea mbegu.

Baba Tuli, Atlanta

Hapo kwenye mbeleko Mama Salma kanishinda, naondoa hoja. Kwa anayeishi huko hatubishani joto.

Naongeza la ndege. Kigari kinasafiri bure, lakini kila shirika lina kanuni yake ya geti: mengine hayapokei getini kigari kinachozidi kilo 9, kizito kinabaki kaunta pamoja na mizigo. Cha wawili karibu vyote vinazidi kilo 9. Kama ni cha getini, omba kibandiko kwa mhudumu wa geti kabla abiria hawajaanza kupanda. Ng'oa trei ya vitafunio, kishikio cha vikombe na nailoni, weka kwenye begi lako. Hivyo ndivyo hupotea. Kinachovunjika zaidi ni upau wa breki wa nyuma, kwa sababu kigari hutupwa kikitua juu yake. Kikitua Orlando, fungua breki na uifunge mara mbili hapohapo kabla hujaondoka uwanjani, ili kama kuna dai ulipeleke wakati bado upo.

Ama kodisheni kwa kampuni ya nje ya Disney inayoleta hotelini. Zina vigari vizuri vya viti vinavyolala, vinatoka nje ya geti, na kwa siku tatu au nne mara nyingi gharama ni chini ya kukodi cha wawili ndani. Ulizeni kama wanaacha mapokezi au lazima uwepo mwenyewe kupokea na kurudisha. Hilo huharibu asubuhi ya kuondoka kama ndege ni ya mapema.

Kaka Bahati, Lyon

Kwa walio Ulaya wanaosoma hii: msihamishe hesabu ya Orlando nzima nzima hadi Disneyland Paris. Ukishuka treni ya RER A kituo cha Marne-la-Vallée – Chessy, milango iko dakika chache kwa miguu, na bustani mbili ziko jirani. Hakuna feri, hakuna tramu ya lazima. Mtoto wa miaka mitano kwa siku moja anaweza kumudu kwa miguu, wa mitatu bado anahitaji kigari. Adui huko ni upepo na mvua baridi, si jua, kwa hiyo fedha iende kwenye nailoni nzuri na blanketi. Disneyland ya California nayo bustani zake mbili zinatazamana mlango kwa mlango.

Mama Neema, Columbus

Asanteni sana, nyote. Maswali mawili ya mwisho. Kile kibao chenye magurudumu cha kufunga nyuma ya kigari ili mkubwa asimame, hakitatusaidia tukabeba cha mmoja? Na tukitaka kupanda michezo mikubwa, kigari kinabaki na nani?

Mama Salma, Kissimmee

Kibao hapana. Aliyesimama halali, na shida yenu ni usingizi wa usiku. Tena kanuni zinakataza vitu vya kuvutwa nyuma ya kigari au kiti cha magurudumu, usimpe mlinzi wa geti sababu ya kubishana. Kama hamtaki viti viwili sambamba, kipo kigari kirefu chenye kiti mbele na benchi nyuma. Pimeni urefu tu.

Michezo mikubwa: Seven Dwarfs Mine Train inataka kimo cha sentimita 97, Space Mountain 112. Mpimeni mkubwa nyumbani akiwa na viatu atakavyovaa. Mmoja wenu amwombe mfanyakazi mlangoni utaratibu wa kupokezana, unaitwa Rider Switch: wa kwanza anapanda na mkubwa, wa pili anabaki na wadogo na kigari kivulini, kisha anapanda bila kurudia foleni ndefu, na mkubwa kwa kawaida anaruhusiwa kupanda tena naye. Pale Magic Kingdom anayesubiri aingie kituo cha watoto wachanga, mwisho wa Main Street karibu na Crystal Palace: kuna meza za kubadilishia nepi, chumba cha kunyonyeshea, viti vya kulishia na kiyoyozi. Kila bustani ina chake.

Na la bibi, nalisema kwa heshima zote. Kilomita zilezile 12 ni zake pia. Viti vya magurudumu vinakodiwa eneo lilelile la vigari, pale mlangoni, na asubuhi huwa vipo vya kutosha. Vile vya umeme ni vya mtu mmoja, wa miaka 18 kwenda juu, mjukuu hapakatwi. Mkichukua cha kusukuma, basi watu wazima wawili mikono yote imeshajaa, mmoja kiti, mmoja kigari, na mkubwa anayetembea anashika mpini wa kigari upande wa ndani, si mkono wa mtu.